Kuisoma 茶: mwongozo wa herufi moja ya Kichina

Katika duka la vyakula vya Kichina, liwe Guangzhou au Nairobi, kuna rafu moja isiyokosa makopo na pakiti zenye herufi hii: 茶. Inasomwa chá. Ndani ya pakiti mna majani makavu, na ndani ya herufi mna sauti ambayo, baada ya kuzunguka nusu ya dunia, imeingia katika Kiswahili ikiwa chai.

Anayetaka kuonja mwandiko wa Kichina bila kujifungia darasani miaka minne hatapata herufi nzuri zaidi ya kuanzia. Ina mistari tisa tu. Imo katika orodha ya maneno ya ngazi ya kwanza ya HSK, mtihani wa Kichina unaofanywa na wanafunzi wa Taasisi za Confucius, kuanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako taasisi ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa mwaka 2005, hadi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tena herufi nyingi za Kichina asili yake imezama katika mifupa ya kupigia ramli ya zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, lakini 茶 ni changa. Umbo lake lilienea katika enzi ya Tang, na yapo mawe ya kuchongwa yanayotuonyesha takriban lini.

Kwanza, onyo. Mwalimu mwenye haraka atakwambia: juu kuna majani, chini kuna mti, katikati kuna mtu; basi herufi ni picha ya mtu anayechuma chai. Wachina wenyewe wanaipenda hadithi hiyo na kuichapisha kwenye makopo. Itumie kukumbuka. Ukiichukua kuwa ndiyo asili ya herufi, umepotea, na utapotea tena kwenye herufi nyingine elfu moja, kwa sababu utakuwa unatafuta picha mahali ambapo waandishi wa kale waliweka sauti.

Shika kalamu

Mkono ukiandika, jicho linajifunza kuona. Chukua karatasi ya daftari la hesabu na uchore mraba mkubwa. Mstari mmoja, kwa hesabu ya Wachina, ni kila safari ya kalamu tangu inapogusa karatasi mpaka inapoinuliwa.

Anza na mlalo mrefu sehemu ya juu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari wa pili na wa tatu ni wima mbili fupi zinazoukata mlalo huo, wa kushoto kisha wa kulia. Hapo umepata 艹, alama ya mimea, utakayoikuta pia juu ya 花 (ua), 菜 (mboga) na 药 (dawa). Mstari wa nne unaanzia katikati chini ya alama hiyo na kuteremka kushoto, na wa tano unateremka kulia ukinenepa kidogo mwishoni. Miwili hiyo ni 人, nayo itande kama paa juu ya kilichobaki. Wa sita ni mlalo, wa saba ni wima unaoteremka katikati, wa nane ni kijimstari cha kushoto, wa tisa ni nukta ya kulia.

Wanaoanza hukosea mara nyingi hapo chini. Wanaandika 木 (mti) kamili, yenye mkia mrefu wa kulia, mkia unagongana na paa na herufi inasongamana. Mstari wa mwisho ni nukta, si mkia. Kosa la pili ni kuongeza mlalo mmoja chini ya paa, na hilo ni kubwa zaidi, maana linaifanya herufi kuwa nyingine kabisa. Historia yote ya 茶 imefungwa kwenye mlalo huo mmoja.

Mlalo ulioondolewa

Ukiuongeza unapata 荼, inayosomwa tú. Hii ndiyo herufi kongwe. Imo katika Shijing, mkusanyo wa kale wa mashairi ya Kichina, na humo inataja mboga ya majani machungu ambayo wataalamu wengi wanaihesabu katika jamii moja na mchunga, ule unaochumwa pwani ya Kenya na Tanzania na kupikwa na nazi ili upungue ukali. Muundo wake hauna picha ya mtu wala mti. Juu kuna 艹 inayosema kwamba hili ni jina la mmea. Chini kuna 余, iliyowekwa kwa ajili ya sauti tu.

Leo 余 inasomwa yú, na msomaji ana haki ya kuuliza sauti ya tú imetoka wapi. Jibu liko kwa ndugu zake: 途 (njia) inasomwa tú, 涂 (kupaka) inasomwa tú, 除 (kuondoa) inasomwa chú. Zote zimebeba 余, na hakuna inayohusiana nayo kimaana. Zamani matamshi yao yalikaribiana, kisha karne zikayatawanya. Herufi zilizo nyingi za Kichina ziliundwa kwa mtindo huu, kipande kimoja cha kudokeza maana na kingine cha kudokeza sauti, kwa hiyo ukikutana na herufi ngeni jiulize kwanza ni kipande kipi kinachoitamka.

Kamusi kubwa ya Xu Shen, Shuowen Jiezi, iliyokamilika karibu mwaka 100 BK, ina 荼. 茶 haimo. Lakini kinywaji chenyewe kilikuwepo. Mfalme Jing wa enzi ya Han alifariki mwaka 141 KK, na katika mashimo ya vitu alivyozikwa navyo karibu na Xi'an palikutwa mabaki ya majani ambayo wanasayansi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waliyatambua kuwa ni chai. Mwaka 59 KK mwandishi wa Sichuan aitwaye Wang Bao alitunga mkataba wa kuchekesha wa kumnunua mtumwa mkaidi, akamrundikia kazi za kila namna. Mojawapo ni kuchemsha 荼, na nyingine ni kwenda mji wa Wuyang kununua 荼. Wengi wanaisoma hiyo ya pili kuwa ni chai, na ni busara kuisoma hivyo, maana mboga inayoota yenyewe porini haimsafirishi mtu hadi sokoni mji wa mbali.

Kwa hiyo kwa karne nyingi herufi moja ilibeba mizigo mitatu: mboga chungu, maua meupe ya matete, na kinywaji. Masikioni vitu hivyo vilianza kuachana, mboga ikabaki upande wa tú na kinywaji kikaelekea upande wa chá, lakini kwenye karatasi bado vilifanana. Hali hiyo ilivumilika chai ilipokuwa dawa na kinywaji cha watu wa kusini. Katika enzi ya Tang (618–907) haikuvumilika tena. Chai ilienea kwenye mahekalu ya Kibudha, ikauzwa hadi mipakani kwa wafugaji wa farasi, na mwaka 793 serikali ikaiwekea kodi ya kudumu. Bidhaa inayotozwa kodi inahitaji jina lisilochanganywa na mboga. Waandishi wakaondoa mlalo mmoja.

Nani aliuondoa hasa? Mara nyingi sifa anapewa Lu Yu (733–804), mwandishi wa Cha Jing, kitabu cha kwanza kinachojulikana kilichoandikwa juu ya chai peke yake. Yeye mwenyewe hakudai hivyo. Katika sura ya kwanza anaeleza kwamba jina hili liliandikwa kwa alama ya majani, au kwa alama ya mti, au kwa zote mbili, na kwamba umbo 茶 limetoka katika kamusi ya enzi ya Kaiyuan (713–741). Anataja pia majina mengine manne ya mmea huo. Katika hayo, 茗 (míng) ndilo lililobaki hai, nalo ni neno la adabu utakaloliona kwenye vibao vya maduka ya bei kali.

Ushahidi mzuri zaidi ulikusanywa na msomi Gu Yanwu (1613–1682), mtu aliyependa kusoma mawe kuliko kusikia habari zake. Alipotembelea Mlima Tai, Shandong, aliona maandishi ya Tang yaliyochongwa mwaka 779 na mengine ya mwaka 798, na yote yakizungumzia chai kwa kuandika 荼. Kisha akalinganisha na mawe mawili mashuhuri ya mwaka 841 na 855, akakuta mlalo haupo. Akahitimisha kwamba herufi ilibadilika baada ya katikati ya enzi ya Tang. Nakala za Cha Jing tulizonazo zilinakiliwa karne nyingi baadaye kwa umbo jipya, ndiyo maana jiwe linaaminika zaidi hapa kuliko kitabu.

Ulimi na pumzi

Katika pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini uliopitishwa China mwaka 1958, neno letu ni chá. Usidanganywe na tahajia. Ch ya Kichina sanifu si ch ya Kiswahili. Inua ncha ya ulimi, irudishe nyuma ya ufizi wa juu kuelekea kaakaani, kisha iachie kwa pumzi nyingi.

Hiyo pumzi ndiyo inayowashinda wengi, isipokuwa Waswahili wa Mombasa na Lamu, ambao tayari wanayo. Wao hutofautisha chungu cha kupikia na chungu wanaotembea kwa msururu kwenye sukari: cha kwanza hutamkwa kikavu, cha pili kwa pumzi. Pumzi ya chungu wadudu ndiyo inayotakiwa kwenye chá. Msomaji wa bara asiye na tofauti hiyo aweke kipande cha karatasi mbele ya midomo. Akisema chá na karatasi haikutikisika, arudie.

Irabu ni a ya baba. Iishie hapo, wala usiweke i mwishoni kwa mazoea ya nyumbani, kwa sababu chái ni neno jingine, linaloandikwa 柴, na maana yake ni kuni. Wachina wana msemo wa kuhesabu vitu saba visivyokosekana nyumbani: kuni, mchele, mafuta, chumvi, mchuzi wa soya, siki na chai. Kwa bahati tu orodha hiyo inaanza na chái na kuishia na chá, na anayeweza kuisema yote, chái mǐ yóu yán jiàng cù chá, amepata zoezi zuri la matamshi pamoja na orodha ya sokoni.

Kisha toni. Alama juu ya á inaonyesha toni ya pili, yaani sauti inayopanda, ile ya mtu aliyeitwa na hakusikia vizuri, akauliza "Ee?" Ukiiacha sauti juu bila kupanda unasema chā, ambayo inaweza kuwa 叉, uma wa kulia. Ukiiangusha ghafla unasema chà, 差, yaani pungufu au mbovu. Mhudumu wa mkahawa atakuelewa hata ukikosea, kwa kuwa umekaa mezani na birika liko mbele yako. Kwenye simu hatakuelewa.

Hayo ni matamshi ya Kichina sanifu peke yake. Herufi haibadiliki kutoka jimbo hadi jimbo, ila kila jimbo lina ulimi wake. Hong Kong na Guangzhou husema cha kwa sauti ya chini inayoshuka. Shanghai husema zo. Xiamen, bandari ya jimbo la Fujian, husema tê. Hii ya mwisho inawashangaza wengi, kumbe ndiyo iliyohifadhi konsonanti ya kale zaidi: lugha za Fujian zilijitenga na nyingine kabla t au d ya zamani haijageuka kuwa ch.

Bandari mbili, majina mawili

Hapo ndipo dunia ilipogawanyika. Wareno waliokaa Macau tangu katikati ya karne ya 16 walichukua neno la Kikantoni, wakasema chá, na mpaka leo mkulima wa Gurué nchini Msumbiji akizungumza Kireno anasema hivyohivyo. Misafara ya nchi kavu ilipeleka cha kwa Waajemi, wakaifanya chāy, na kutoka huko ikasambaa: Kihindi chāy, Kituruki çay, Kirusi chai, Kiarabu shāy. Waholanzi walinunua chai kupitia wafanyabiashara wa Fujian, wakapeleka Ulaya neno thee, lililozaa thé ya Kifaransa na Tee ya Kijerumani. Waingereza walianza na cha, kisha wakahama. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake ya tarehe 25 Septemba 1660 kwamba ameletewa kikombe cha "tee", kinywaji cha Kichina.

Afrika ina ramani yake. Kiswahili kilipokea chai kupitia Bahari ya Hindi, kwa njia ya Kiajemi na lugha za India, kisha neno likapanda bara na kuwa icyayi katika Kinyarwanda na icayi katika Kirundi. Wasomali wana shaah, Wahausa shayi, wote kwa mlango wa Kiarabu. Walikotawala Waingereza bila Kiswahili kuwatangulia, upande wa tê ulishinda: Chichewa kina tiyi, Kizulu kina itiye. Wamadagaska wana dite, ambalo ni Kifaransa pamoja na kiambishi chake. Mchumaji wa Rungwe, kaskazini ya Ziwa Nyasa, anachuma chai, na mwenzake wa Thyolo, Malawi, anachuma tiyi. Majani ni yaleyale, herufi ni ileile.

Nchi jirani za China zilichukua herufi pamoja na sauti, mara nyingine zaidi ya mara moja. Mjapani husoma 茶 cha katika matcha, lakini sa katika kissaten, duka la vinywaji, kwa kuwa sauti hiyo ilifika baadaye. Mkorea ana cha na da. Mvietnamu ana trà na chè. Wakorea wana ibada ya kuwakumbuka wahenga iitwayo charye, yaani adabu ya chai, ingawa siku hizi kinachomiminwa humo mara nyingi ni pombe. Jina limebaki, birika limebadilishwa.

Inamaanisha nini, na wapi

Peke yake, 茶 ni mmea, majani yake na maji yake. Kichina hakitumii ncha za maneno kutofautisha, kinaongeza herufi: 茶叶 (cháyè) ni majani makavu, 茶树 (cháshù) ni mti, 茶水 (cháshuǐ) ni chai iliyo tayari, 茶壶 (cháhú) ni birika, 茶杯 (chábēi) ni kikombe. Kunywa chai ni 喝茶 (hē chá), na kikombe kimoja cha chai ni 一杯茶 (yì bēi chá). Ukiyajua haya tu, sehemu kubwa ya ubao wa bei wa mkahawa inasomeka.

Rangi zinahitaji tahadhari. Majani mengi yanayotoka Kericho, Mufindi na Rungwe, ambayo Waingereza huyaita meusi, Mchina huyaita mekundu: 红茶 (hóngchá). Anaangalia maji kikombeni, si jani mkononi. Akisema 黑茶 (hēichá), chai nyeusi, anamaanisha kitu kingine, chai iliyochachushwa na kulazwa, wakati mwingine kwa miaka mingi. 绿茶 (lǜchá) ni ya kijani, na hiyo ndiyo utakayopewa sehemu nyingi za China ukiagiza chai bila kufafanua, bila sukari wala maziwa. Anayetamani chai ya maziwa asome vizuri kabla ya kuagiza 奶茶 (nǎichá): siku hizi itamjia baridi, tamu, yenye vidonge vya unga wa muhogo chini na mrija mnene wa kuvivutia.

Neno limepanuka pia kwa vinywaji visivyo na jani la chai hata moja. 菊花茶 (júhuāchá) ni maua yaliyolowekwa, 姜茶 (jiāngchá) ni tangawizi, na 面茶 (miànchá) ya Beijing ni uji wa unga wa mtama mdogo unaomwagiwa ufuta uliosagwa. Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, maana kwake pia "kunywa chai" huweza kuwa na mihogo, maharagwe na chapati. Kwa Wakantoni hali ni hiyohiyo: 饮茶, yam cha, ni kualikwa kula vyakula vidogovidogo vya mvuke asubuhi nzima. Ukialikwa, jua desturi mbili. Mtu akikumiminia, gonga meza polepole kwa ncha za vidole viwili, ni shukrani. Birika likiisha, acha kifuniko chake wazi, na mhudumu ataongeza maji moto bila kuitwa.

Katika ndoa herufi hii ilikuwa na uzito wa mahari. Zawadi za posa ziliitwa 茶礼 (chálǐ), adabu ya chai, na msichana aliyeposwa alisemwa kuwa amekula chai ya ukoo fulani. Wazee walieleza kwamba mchai ukihamishwa hufa, hivyo unafaa kuashiria ahadi isiyohamishika. Ndiyo maana katika riwaya ya Ndoto ya Chumba Chekundu, ya karne ya 18, mwanamke mmoja anamtania binti aliyekunywa chai waliyompelekea akimuuliza mbona bado haolewi kwao, na binti anaona haya mpaka anawageuzia mgongo.

Upande wa pili wa herufi hauna maua. 茶水费 (cháshuǐfèi), ada ya maji ya chai, zamani ilikuwa bakshishi, na leo ni jina la fedha za pembeni ambazo dalali anadai nje ya risiti. Dereva aliyewahi kuombwa "chai" barabarani hahitaji maelezo, na Wahindi nao wana chai-pani yao kwa kazi ileile. Vilevile Mchina akisema fulani "amealikwa kunywa chai" na polisi, hakuna anayeuliza kama kulikuwa na vitafunwa. Ni wito wa kuhojiwa. Vijana wa Dar es Salaam wameongeza maana ambayo Kichina hakina: kwao "hiyo chai" ni stori ya uongo.

Misemo miwili inafaa kuwekwa akiba. 粗茶淡饭 (cūchá dànfàn), chai ya majani mabaya na wali mtupu, ndiyo kauli ya mwenyeji mnyenyekevu anayekukaribisha mezani, hata kama meza imejaa. 人走茶凉 (rén zǒu chá liáng), mtu akiondoka chai hupoa, husemwa juu ya mkubwa aliyestaafu na simu yake ikaacha kulia. Na kwa wapenda mafumbo: Wajapani humwita mtu aliyetimiza miaka 108 kuwa amefikia umri wa chai, kwa sababu 艹 inasomeka kama kumi mbili, 十十, na kilicho chini yake kinapasuka kuwa 八十八, themanini na nane. Jumlisha.

Kwenye kamusi na kwenye simu

Katika kamusi ya karatasi kama Xinhua Zidian unaitafuta kwa pinyin, chini ya cha, toni ya pili. Usipojua matamshi, nenda kwa umbo: tafuta 艹 katika orodha ya alama, kisha hesabu mistari iliyobaki. Ni sita. Njia hiyo inafaa pia kwa kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716, iliyopanga herufi kwa alama 214, ya mimea ikiwa ya 140. Kwenye simu, programu ya kamusi kama Pleco inakuruhusu kuichora kwa kidole, na hapo ndipo utajua kama ulizingatia mpangilio wa mistari.

Kuiandika kwa kibodi ni rahisi mno: chagua kibodi ya Kichina, andika cha, na 茶 itajitokeza katika safu ya mwanzo pamoja na 查 (kukagua) na 差. Jicho lako lisichanganye pia 菜 (cài), mboga au chakula cha sahani, ambayo nayo ina 艹 juu na 木 chini na imejaa kwenye kila orodha ya chakula, wala 苦 (kǔ), chungu.

Anayefanana nayo zaidi ni yule wa kale, 荼, ambaye hakufa. Yumo katika 荼毒 (túdú), kutesa, na katika 如火如荼 (rú huǒ rú tú), msemo wa jambo lililopamba moto, ambapo anawakilisha yale maua meupe ya matete. Wachina wengi wanaandika 茶 hapo bila kujua, na walimu wanakata alama. Yumo pia katika 荼毗 (túpí), neno la Kibudha la kuchoma maiti ya mtawa, na kamusi za leo zinataka mlalo wake uwepo. Lakini yale mawe mawili ya mwaka 841 na 855 aliyoyatumia Gu Yanwu hayakuhusu kinywaji. Yalikuwa ya kuwakumbuka watawa, la kwanza likiandikwa na Liu Gongquan, mmoja wa mabingwa wakubwa wa hati nzuri, la pili na Pei Xiu, waziri wa mfalme, na neno lililoondolewa mlalo katika yote mawili ni hilohilo la kuchoma maiti.